Safari ya Anga Iliyoishia Pangoni

Mie sina ugomvi na anga. Nyota, mwezi, sayari na vyote vinavyoning'inia huko juu havijawahi kunidai mchango. Ugomvi wangu ni na ziara za shule, hasa zile zinazotangazwa Jumapili usiku, wakati mzazi keshavihesabu vijisenti vya wiki nzima na kuvigawa: hivi vya unga, hivi vya umeme, hivi vya bodaboda.

"Wazazi wapendwa, shikamooni," ndivyo lilivyoanza tangazo kwenye grupu la WhatsApp la darasa la sita. Mtu mzima mwenzio akikuamkia kwa adabu hiyo saa 3 usiku, jua ana haja na mfuko wako. Ziara ya mafunzo, Makumbusho ya Anga za Juu. Mchango shilingi 35,000 kwa kila mwanafunzi, chakula ndani yake. Mwisho wa kulipa Ijumaa. Mzazi atakayependa kusindikiza watoto anakaribishwa sana, naye atalipa nusu.

Pa kwenda hapakutajwa.

Tukaja kuujua mzizi wa fitina baadaye. Mwalimu wa sayansi aliwaonyesha watoto video ya makumbusho ya anga ya Washington kule Marekani, watoto wakaona roketi zimesimama wima ndani ya nyumba, wakapiga kelele. Mwalimu mkuu akasikia kelele ofisini kwake, akaambiwa ni kiu ya elimu, barua ikaandikwa. Mama mmoja wa Chumbageni, hapa hapa Tanga kwetu, akafanya upelelezi wake, akarudi kwenye grupu na habari kwamba makumbusho yale yamefunguliwa tangu Julai 1976 na kiingilio ni bure. "Bure kabisa jamani," akaandika, "tatizo ni nauli tu." Wenzangu wakamjazia vikaragosi vya kucheka. Mie sikucheka. Katika grupu lile, hiyo ilikuwa hesabu ya kwanza iliyoeleweka.

Kikaitwa kikao cha wazazi Jumamosi, chini ya mwembe wa shule, saa 4 asubuhi. Saa 5 na nusu kikaanza. Ajenda moja: watoto wameshalipa kwenda angani, sasa anga iko wapi?

Wa kwanza kusimama alikuwa baba mmoja dereva wa malori, mtu aliyeikanyaga nchi hii hadi Tunduma. Yeye akasema twende Mbozi, mkoani Songwe, tukaone kimondo. Sikuwa na la kumpinga kwenye elimu. Lile ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani zaidi ya 10. Kiasi cha asilimia 90 yake ni chuma chenyewe, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wanyiha walilijua kabla Mzungu yeyote hajaliandika kitabuni mwaka 1930, na leo pana kituo cha kulitazama. "Lile jiwe limetoka angani lenyewe," akasema dereva, "wala halikuomba nauli."

Mwenyekiti akauliza ni umbali gani. Kilomita elfu moja na ushei, kwenda tu. Akauliza watoto watalala wapi.

"Ndani ya gari," akajibu dereva. "Mbona mie hulala?"

Akina mama wakamtazama. Akakaa.

Hapo nikanyoosha mkono. Huwa sisemi vikaoni, maana anayesema ndiye anayepewa kamati. Lakini nikaona tutapelekwa Dar es Salaam tena kutazama ndege zikitua, na nikasema jamani, roketi za kweli zimerushwa kwenye pwani hii hii yetu. Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi, Waitaliano wakiongozwa na profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco na Santa Rita, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zikaondokea hapo. Mojawapo, mali ya Wamarekani, iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya wanasherehekea uhuru wao, ndiyo ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kusaka eksirei zinazotoka angani. Ikafanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339, na kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, mwaka 2002 akapewa Nobeli ya Fizikia. Wangewahi siku tatu tu, wakairusha tarehe 9, ingekuwa sherehe ya Tanganyika.

Kimya. Kisha mzazi mmoja wa Makorora akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: "Sasa hao Waitaliano, kwa nini waliipita Tanga?"

Nikamweleza. Dunia inajizungusha, na panapokwenda kasi kuliko kwingine ni kwenye ikweta, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta inapewa msukumo huo bila malipo, ikaokoa mafuta. Tena inatakiwa bahari tupu upande wa mashariki, ili vipande vinavyodondoka visimwangukie mtu akivua. Ngomeni iko digrii 3 kusini ya ikweta. Sisi Tanga tuko digrii 5.

"Yaani tumekosa roketi kwa digrii mbili?"

"Ndiyo."

"Hizo digrii mbili hazizungumziki?"

Nilijua kikao kimeshaniponyoka. Maana nilipofika kwenye utaratibu wa safari, na nikaeleza kwa uwazi kwamba Malindi si mbali na sisi kuliko Dar es Salaam, watu walikwishaanza kuhesabu vikwazo. Hati za kusafiria za watoto. Kadi za homa ya manjano. Kuvuka mpaka Horohoro, na kivuko cha Likoni, watoto wote hao, kila mmoja na begi lake. Mama wa Chumbageni akataka kujua kama mtoto akitapika upande wa Kenya anahesabiwa amevunja sheria gani. Mwenyekiti akasema wazo ni zuri, na kwa kuwa ni zuri litaundiwa kamati. Nimo kwenye kamati.

Wala siwalaumu sana. Kenya wenyewe, wenye Ngomeni uani kwao, walipopata setilaiti yao ya Taifa-1, Aprili 2023, waliisafirisha hadi California ndipo ikarushwa. Nayo ilifanyiwa ziara ya mafunzo.

Akasimama mzee mmoja, babu wa mwanafunzi, kanzu yake nyeupe na bakora mkononi. Ujana wake aliula Unguja. Akasema nyie mnahangaika na Malindi, anga ilikuwa Tunguu. Vijana wakadhani mzee kachanganya mambo, kumbe yeye ndiye pekee aliyekuwa na habari kamili. Mwaka 1960 Waingereza na Wamarekani walikubaliana kuweka kituo Unguja cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, akikatiza pande hizi redio ya Zanzibar ilizungumza naye. Watu mitaani hawakuamini kwamba minara ile ni ya kusikiliza tu, wakaandamana wakisema ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Karume akawataka Wamarekani wakiondoe, na mwaka huo huo kikang'olewa.

"Sasa babu," mwenyekiti akauliza kwa heshima, "tukiwapeleka watoto Tunguu leo, wataona nini?"

"Wataona pale kilipokuwa."

"Na pale kilipokuwa pana nini?"

"Siku hizi huko kuna chuo kikuu."

Mweka hazina, aliyekuwa kimya muda wote, akafunga daftari lake na kutangaza kwamba pesa iliyokusanywa, ukitoa mafuta, chakula, posho za walimu na bango, inatufikisha Mapango ya Amboni.

Amboni! Kwa wasioujua mji wetu: mapango yako Kiomoni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, kando ya njia ya Mombasa. Tanga ni mji wa baiskeli. Mtu anapanda ya kwake baada ya chai, anafika Amboni, anapunga upepo, anarudi kabla ya adhuhuri na hajatokwa jasho la maana. Tumechanga 35,000 kwenda juu, tunapelekwa chini, tena jirani.

Nikauliza mapango yana uhusiano gani na anga. Mwalimu wa sayansi akajibu bila kupepesa: "Vyote ni maumbile, mzazi." Makofi.

Siku yenyewe tuliambiwa tuwe shuleni saa 1 asubuhi. Kosta mbili zilikuja saa 4. John Glenn niliyemtaja hapo juu aliizunguka dunia kila mzunguko kwa dakika 88 hivi. Kwa hiyo katika muda tuliokaa kwenye msingi wa jengo la darasa la kwanza tukisubiri gari, yeye angelikuwa kapita juu ya vichwa vyetu, kaizunguka dunia, kapita tena na kutupungia mkono. Watoto kufika saa 4 walikuwa wameshakula chakula cha mchana. Vitumbua, sambusa, mihogo, machungwa ya Muheza, vyote vimekwisha, na yaliyobaki kwenye mabegi ni maji ya ukwaju, ambayo nayo yalikuwa yameshaanza safari yake.

Nasema hivyo kwa sababu hatujafika hata daraja la mto, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, naomba tusimame kuchimba dawa!" Na nyingine. Na nyingine. Safari ya kilomita 8, ikapata kituo cha kuchimba dawa. Mwanangu, ambaye yeye angalau alikuwa bado ana imani na ziara, akaitumia nafasi hiyo kuuliza swali ambalo darasa zima lilikuwa nalo tangu siku ya video: huko angani watu hujisaidia wapi?

Mwalimu akasema maswali ni mwisho wa ziara. Nikaona mtoto asije akazeeka na swali lile tumboni, nikamjibu mie. Nikamwambia mwanangu, Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, Mei 1961, safari yake ilikuwa ya dakika 15, kwa hiyo mabingwa wote wale na hesabu zao hakuna aliyefikiria choo. Wakamfunga kitini. Roketi ikacheleweshwa, saa zikapita, yuko kule juu amelala chali ndani ya suti, mwisho akawaambia kwa redio kwamba hali si hali. Wakashauriana. Wakamruhusu amalizie humo humo.

Gari zima likalipuka kwa kicheko. Mtoto mmoja akasema afadhali sisi, dereva wetu anasimama. Hilo ndilo somo la anga lililoeleweka kuliko yote siku ile, na lilitolewa bure, na mzazi aliyelipa nusu.

Mapangoni tukakabidhiwa kwa kijana mwongozaji, mcheshi, tochi mkononi, anajua kazi yake. Akaanza vizuri. Haya ni mawe ya chokaa, akasema, umri wake yapata miaka milioni 150, maji ndiyo yaliyoyachonga, taratibu, tone baada ya tone. Angalieni darini, wale ni popo, msipige kelele. Kisha akaingia kwenye sehemu anayoipenda, ya kumulika miamba na kuonyesha maumbo yake.

"Hapa mnaona nini?"

"Rokeeeeti!" darasa zima.

"Hapana, hii ni meli. Mnaiona? Na hapa?"

"Roketi nyingine!"

"Huyu ni tembo."

"Tembo yuko ndani ya roketi!"

Popo wakaruka. Mwalimu akainama. Yule kijana akajaribu na mwamba wa tatu na wa nne, lakini mtoto aliyeahidiwa roketi akiwekwa mbele ya jiwe lolote refu ataona alichoahidiwa. Mwisho kijana akasalimu amri. Akamulika mwamba uliosimama peke yake kwenye kona, akasema kwa sauti ya kuchoka: "Haya, na hii ni roketi." Watoto wakanyamaza, wakautazama, wakasema hapana, ule ni msikiti.

Akahamia kwenye visa. Akawasimulia kile kisa maarufu cha Wazungu wawili walioingia pangoni na mbwa wao wakapotea, na kwamba mbwa alikuja kuonekana siku nyingi baadaye huko Kilimanjaro. Hicho ni kisa cha kusimuliwa, lakini watoto wakakishika kuliko jiolojia. Binti mmoja mwenye miwani akataka kujua kama mbwa yule naye anahesabiwa mwanaanga. Sikuona ubaya wa swali. Mbwa wa Warusi, Laika, alirushwa Novemba 1957 na hakurudi. Wa Amboni angalau alitokea upande wa pili, hakurushwa na mtu, na hakuchangisha.

Sasa nitasema jambo ambalo kule pangoni sikulisema, kwa makusudi. Kuna wanaanga wanaofundishwa mapangoni. Shirika la Anga la Ulaya lina mafunzo yaliyoanza mwaka 2011 katika mapango ya kisiwa cha Sardinia, Italia. Wanaanga wanateremshwa chini ya ardhi, wanaishi humo siku kadhaa kwa pamoja. Giza halina asubuhi wala jioni, vifaa ni vile walivyobeba, njia haionekani, na kosa la mmoja ni taabu ya wote. Wanajifunza kuvumiliana, kugawana kazi na kutokasirikiana, maana huko juu mtu akikuudhi hakuna mlango wa kutokea. Kwa hiyo ile safari yetu ya Amboni, kwa bahati tu, ilikuwa na hoja nzito ya kitaalamu nyuma yake. Mwalimu hakuijua. Angeijua angeongeza 10,000.

Na hapo ndipo linaponiuma. Hawa watoto wetu wamekaa katikati ya mambo. Kaskazini yao zimeruka setilaiti, ng'ambo ya maji palikuwa na redio iliyozungumza na mtu aliyeko angani, na mapango yaliyo mlangoni pao ni ya aina ile wanayofundishiwa wanaanga. Lakini ukimuuliza mtoto anga iko wapi atakuonyesha simu. Anga ni Marekani, anga ni video, anga ni kitu cha kwenda kutazama kwa watu. Sisi wakubwa ndio tuliowafundisha hivyo, kisha tunawachangisha ili tuwathibitishie. Kila kitu kilichosemwa chini ya mwembe ule kingeweza kusemwa darasani kwa ramani moja ya ukutani na babu mmoja mwenye bakora, na chenji ikabaki ya kuwashughulikia hati za kwenda Malindi kwa mwaka mzima, pole pole, bila mtu kukimbizana na Ijumaa.

Tulirudi mjini mapema sana, jambo ambalo halikumfurahisha mtu, maana tulikuwa tumewaaga watu kwa kishindo. Waja leo waondoka leo, ndivyo Tanga inavyotaniwa, na kwa kweli Apollo 11 walifanya vivyo hivyo: wametoka duniani hadi mwezini, Julai 1969, wakakaa pale saa 21 na nusu, wakaondoka. Lakini wao walirudi na mawe. Sisi mwongozaji alitukataza kugusa.

Jumatatu darasa likapewa insha: "Niliyojifunza Kuhusu Anga." Mwanangu akaniletea daftari lake nilisaini. Aliandika kwa mwandiko wa kujitahidi, kila sentensi na mstari wake:

"Anga ni giza sana. Lina popo. Halina choo. Ukiingia unalipa. Mtu mmoja anashika tochi na wengine wanamfuata. Ukipotea unatokea Kilimanjaro."

Mwalimu alimpa alama 8 kwa 10, na kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Fafanua popo."

Nimesaini. Nimeripoti pia kwenye kamati yangu ya Malindi, ambayo mpaka sasa wajumbe wake ni mie na yule dereva wa malori, naye bado anasisitiza Mbozi. Tumekubaliana kwamba barua ya kuulizia hati za watoto iandikwe mapema, kabla hawajafika darasa la saba wakaanza kusema ziara ni mambo ya kitoto.

Jana usiku grupu likalia tena. "Wazazi wapendwa, shikamooni." Muhula ujao kuna ziara ya mafunzo kuhusu bahari, mchango 40,000. Wenzangu wameuliza kama watoto waje na nguo za kuogelea. Mie nimeuliza tunapanda mlima gani, sijajibiwa, na nimeshaanza kutafuta sweta la Lushoto.